Kurudisha kilichotolewa: Jumamosi chini ya Land Rover ya zamani

Breki ya mkono ya Land Rover ya zamani haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye transfa boksi kwenda difu ya nyuma. Asiyejua hilo huvuta breki, huweka jeki chini ya ekseli ya nyuma, hunyanyua gurudumu moja, na gari linaanza kutembea likiwa juu ya jeki. Mchawi ni difu: gurudumu lililoko hewani linazunguka kinyumenyume, lililobaki chini linaviringika kwenda mbele, na ile shafti iliyoshikwa na breki imetulia tuli. Kwa hiyo kabla ya jeki weka kabari za mbao au mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Kwenye 110 na Defender funga pia difu loki ya katikati, uhakikishe taa yake imewaka. Kisha weka stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu; anayeingia uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake anacheza na roho yake.

Nimeanza na breki kwa sababu ndiyo inayoumiza watu, na pia kwa sababu inaonyesha kwamba gari hili lina tabia zake. Fundi hodari aliyekulia kwenye Corolla anaweza asizijue. Mwenye gari anayetaka kulihudumia nyumbani ni lazima azijue. Ninayoeleza hapa yanahusu zaidi Defender zenye injini ya dizeli ya 300Tdi, iliyoanza kufungwa mwaka 1994. Bado zimo barabarani, zikitoka kwenye kampuni za utalii, misheni, mashamba na minada. Hapa na pale nitaigusa Series III ya kati ya 1971 na 1985, hasa ile 109 ambayo wazazi wetu waliijua kama gari la polisi, la mkuu wa wilaya na la kliniki.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover aliipa bodi ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, na alumini ikabaki hata mgao ulipokwisha. Huku kwetu kiwanda cha Leyland cha Thika kilikuja kuziunganisha. Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016, lakini ukitembea Arusha huwezi kudhani kuwa uzalishaji ulisimama. Oktoba 2024 mji huo uliziandalia tamasha lao wenyewe, na barabara zikajaa Land Rover za kila umri na kila rangi.

Linalomwezesha mtu wa kawaida kuligusa gari hili ni kwamba 300Tdi ya Defender haitegemei kompyuta. Pampu yake ya dizeli, ya Bosch, inazungushwa na injini yenyewe. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ni ule wa waya mmoja mwembamba unaofungua njia ya dizeli kwenye pampu. Waya huo ukichomoka injini inazima papo hapo, na gari zima linaweza kuvutwa kwa kamba hadi gereji kwa sababu ya klipu iliyolegea. Ufahamu ulipo. Uko nyuma ya pampu, juu, na mkono unaufikia bila kufungua kitu kingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Gari la miaka 30 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na ukiinama uvunguni utaona kwamba sehemu kubwa ya ubovu wake haikuletwa na umri. Imeletwa na matengenezo. Nati ya inchi imekazwa kwa spana ya milimita hadi kingo zake zimelainika. Gasketi imekosekana, ikamiminwa silikoni, na silikoni iliyozidi imeingia ndani ya injini kutafuta tundu la oili la kuziba. Nyaya zimeunganishwa kwa kuviringwa na kufungwa plastiki ya mfuko. Bolti tatu zimekaa mahali pa nne. Kila aliyeligusa alikuwa na haraka ya siku hiyo, na mwenye gari naye alitaka liondoke jioni. Kwa hiyo kazi ya wikiendi kwenye Land Rover ya zamani ni kurudisha vitu vilivyotolewa kuliko kubadilisha vilivyochakaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni themostati. Kwenye gereji moja ya Arusha nilimsikia mteja akiuliza, “Fundi, mbona geji ya joto haipandi kabisa?”

“Nilitoa themostati, bosi. Ile imewekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Huku haina kazi.”

Ilikuwa Julai, na fundi mwenyewe alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu.

Themostati ni vali ndogo yenye nta ndani yake. Maji yakiwa ya baridi inafunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Yakifika nyuzi 88 hivi nta inatanuka na njia inafunguka. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa vuguvugu haichomi mafuta yote. Masalia yanateremka pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili, oili inapungua uzito, na silinda zinalika. Hiyo ni hasara ya polepole, isiyopigiwa kelele. Lakini kuna ya pili. Themostati nyingi za aina hii zina kisahani cha chini ambacho, vali inapofunguka, kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia ile ya mkato inabaki wazi milele. Sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani. Hapo unapata gari la ajabu: linakuwa baridi tambarare, halafu linachemsha mlimani, na fundi anakuambia hedi gasketi imekwenda.

Inawezekana imekwenda kweli. Lakini kabla hujakubali hedi ifunguliwe, jiulize ni nani aliyekuwa na sababu ya kuitoa ile themostati. Kwa kawaida gari lilikuwa linachemsha, na badala ya kutafuta kwa nini, ikatolewa. Basi chanzo kile cha kwanza bado kipo. Shusha macho mbele ya rejeta: mapezi yake yamejaa mbegu za nyasi, nzige na udongo uliokauka? Oshea maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo, kwa sababu mapezi yanalala upesi. Injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Klachi yake ikiwa imekufa feni inazunguka kama pia bila upinzani wowote. Bonyeza mipira ya maji, na ukikuta mmoja umelainika kama ndizi mbivu, ibadilishe yote miwili, wa juu na wa chini.

Halafu angalia mfuniko. Watu wengi huudhani ni kizibo tu. Mfuniko wenye nguvu ya bari moja hivi unafanya maji yasichemke hadi karibu na nyuzi 120. Ukilegea, maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Dar es Salaam, na chini ya hapo ukiwa juu. Kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 92 au 93. Ndiyo maana gari linaloshuka vizuri hadi Mto wa Mbu linaweza kutapika maji kwenye mpando wa Karatu, na dereva akalilaumu jua.

Kujaza maji kwenye 300Tdi nako kuna utaratibu wake. Ukimimina kwenye tanki dogo la akiba tu, hewa inabaki juu ya hedi, na hedi hiyo ni ya alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma. Fungua kizibo cha juu ya rejeta na kile kilicho juu ya nyumba ya themostati. Mimina taratibu hadi maji yatoke bila mapovu, funga cha rejeta, malizia pale kwenye themostati. Vizibo hivyo ni vya plastiki na hesi zake huisha; vya shaba vinapatikana na ni bei ya chakula cha mchana. Usitumie maji matupu ya bomba. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye maji yasiyo na kulanti, alumini inaliwa, na kinachoila hedi kutoka ndani hakionekani kwa macho.

Baada ya maji, kazi ninayompendekezea kila anayeanza ni kupima tapeti, yaani nafasi iliyopo kati ya roka na vali. Haina gharama, inahitaji fila geji, bisibisi na spana, na inakufundisha jinsi injini inavyopumua kuliko maelezo ya mtu yeyote.

Injini ilale usiku kucha ipoe kabisa. Asubuhi safisha juu ya kava la tapeti kwa brashi, maana mchanga wote uliokaa pale utaingia ndani ukifungua kwa pupa. Toa kava. Utaona roka nane kwenye mstari mmoja. Zihesabu kuanzia upande wa rejeta: ya 1 iko mbele, ya 8 iko karibu na bodi. Juu ya fimbo za vali za 300Tdi kuna vikofia vidogo vya chuma vilivyokaa tu, havikufungwa na chochote. Vichunge. Kikidondoka kwenye tundu la fimbo ya kusukumia, Jumamosi yako imekwisha.

Sasa kuna hesabu moja nzuri sana ya injini hizi, iwe 300Tdi au ile ya lita 2.25 ya Series: jumla lazima iwe tisa. Zungusha injini kwa soketi kwenye bolti ya puli ya mbele, kuelekea upande inaozungukia yenyewe, hadi vali ya 8 iwe imefunguka kabisa, yaani springi yake imebanwa hadi mwisho. Hapo pima ya 1. Ikifunguka ya 6, pima ya 3. Ikifunguka ya 4, pima ya 5. Ya 7 kwa ya 2, ya 1 kwa ya 8, na kuendelea hivyo. Huhitaji kukumbuka mpangilio wa kuwaka kwa silinda, wala kutafuta alama kwenye flaiwili.

Nafasi kwenye 300Tdi ni milimita 0.20 kwa vali zote. Kwenye ile ya lita 2.25 ni 0.25. Legeza nati, geuza skrubu kwa bisibisi, pitisha fila kati ya roka na kikofia. Inatakiwa ipite ikivutwa kidogo, kama karatasi unayoichomoa chini ya kitabu. Kaza nati ukiwa umeishikilia skrubu kwa bisibisi, halafu pima tena, kwa sababu skrubu hupenda kujizungusha nati inapokazwa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanapima mara moja tu.

Watu hulalamikia tapeti inapopiga kelele. Mimi ninaiogopa iliyonyamaza. Yenye nafasi kubwa inagonga na kukukera, lakini bado inafunga. Iliyobana haigongi, haifungi sawasawa, na moto wa silinda unapita pembeni yake hadi vali inaungua. Gari linakuwa zito kuwaka asubuhi, linatoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa, na anayelisikiliza anasifia jinsi lilivyotulia.

Nimegusa moshi, basi niseme upesi. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, kwa hiyo anza na chujio la hewa. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe ni dizeli isiyoungua, au maji, na maji utayatambua kwa kuwa yanapungua kwenye tanki bila kuonekana yalikokwenda.

Chujio la hewa lina kituko chake. Chini ya nyumba yake kuna kijipira kama chuchu, ambacho hufunguka kidogo na kuangusha vumbi lililokusanyika. Magari mengi hakipo. Kilipopotea pakabaki tundu, na huko Longido na Ngorongoro, ambako vumbi ni jivu la volkeno lililo laini kama unga, tundu hilo si jambo dogo. Angalia pia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye tabo. Ukiwa umepasuka, chujio lako jipya linachuja hewa ambayo injini haiivuti. Pitisha kidole ndani ya mpira huo baada ya safari ya vumbi. Kidole kikitoka na unga, tafuta panapoingilia kabla hujasafiri tena.

Kuhusu kuvuja. Utani kwamba Land Rover lazima ivuje umewafaa sana mafundi wavivu. Inavuja kwa sababu sili zimechakaa au kwa sababu pumulio la difu limezibwa na matope, joto likapanda ndani, na oili ikatafuta pa kutokea. Tandika boksi la karatasi chini ya gari usiku, asubuhi soma matone. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi. Ya difu ina harufu kali ya kiberiti, ukiinusa mara moja huisahau. Giaboksi ya R380, iliyofungwa pamoja na 300Tdi, hutumia oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki, ingawa wapo wanaoijaza oili nzito ya difu kisha wanashangaa gia haziingii asubuhi.

Tone likitoka chini kabisa, pale injini inapokutana na giaboksi, linatokea kwenye tundu lililowekwa makusudi na kiwanda. Ukivuka mto wenye kina, tundu hilo unalifunga kwa bolti, ukimaliza, unaifungua. Asiyejua huiona inavuja, akaikaza bolti ile na kuiacha, akifurahi kwamba amezuia oili. Oili imejaa ndani na sasa iko kwenye klachi.

Tundu la namna hiyo lipo pia chini ya kava la mbele la 300Tdi, ndani yake mnamokaa mkanda wa taimingi. Hapa pana faida ambayo wenye magari hawaitumii. Fungua kizibo chake utazame kinachotoka. Kikiwa kikavu na kisafi, vema. Yakitoka manyoya meusi ya mpira, mkanda unalika pembeni, tatizo ambalo 300Tdi za mwanzo zilikuwa nalo hata na mkanda mpya, kwa kuwa puli zake hazikukaa mstari mmoja. Ikitoka oili, sili ya mbele imekwenda, na oili inauozesha mkanda.

Mkanda huo hubadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, na mapema zaidi kwa gari linaloishi vumbini. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni zinazikuta vali. Mara nyingi kinachopinda ni fimbo za kusukumia, na huo ndio ungwana wa injini hii, lakini usiutegemee. Je, mwenye gari aubadilishe mwenyewe? Kama ana pini za kufungia pampu na flaiwili, na amewahi kumtazama mtu akifanya, ndiyo. Kama anataka kuweka alama kwa rangi na kubahatisha, hapana, ampe fundi. Na kama amenunua gari na muuzaji anasema mkanda “ulibadilishwa juzi juzi tu” bila karatasi wala tarehe, auhesabu kuwa haukubadilishwa.

Dizeli inaniudhi kuliko mengine yote, kwa sababu hapo kosa linaweza kuwa la mtu usiyemjua. Pampu ya Bosch haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyepesi, na inaikausha. Uchakachuaji huo ndio ulioifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010. Mwenye gari anachoweza kufanya ni kununua pale anapopaamini, kubadilisha chujio kwa wakati, na kukikumbuka kile kikombe cha kutenganisha maji kilichofungwa kwenye chasisi upande wa nyuma. Kina skrubu chini. Ilegeze, maji yatoke hadi ije dizeli safi, funga. Mara nyingi utakuta skrubu hiyo imeganda kwa kutu kwa sababu hakuna aliyewahi kuigusa.

Ukishabadilisha chujio gari litakuwa na upepo. Lijaze chujio jipya dizeli safi kabla ya kulifunga. Kisha legeza kizibo cha juu ya kichwa chake na upampu kwa kile kiwiko kidogo cha pampu ya pembeni mwa injini hadi mapovu yaishe. Kiwiko kikiwa kimelegea bila nguvu, pampu haijafa: kemu imeisukuma hadi mwisho. Izungushe injini kidogo, rudi, utaona nguvu imerudi. Nimeshuhudia pampu nzima ikinunuliwa kwa ajili ya jambo hili. Na ukilegeza nati za nozeli ili upepo utoke, weka mkono mbali. Dizeli inayotoka kwa nguvu ile inapenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna tufe la chuma linalong'aa, ambalo gurudumu hugeukia juu yake. Likiwa na mashimo ya kutu, sili yake haiwezi kushika. Dawa ya haraka iliyoenea ni kulishindilia grisi nzito ya beringi. Kuvuja kunakoma kweli, ila grisi hiyo haipandi kwenye beringi ya juu, nayo inakufa kavu. Kuna grisi nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali hapo, inauzwa kwenye pakiti ya kumimina yote mara moja. Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Kama mchezo umetoweka, ni beringi za gurudumu. Kama upo, tazama pini za lile tufe. Beringi za gurudumu zinahitaji spana ya soketi ya milimita 52, inunue mapema. Bila spana hiyo watu hupiga nati kwa patasi, na alama za patasi ndizo utakazozikuta ukifungua kofia ya habu.

Spana zenyewe ni fumbo. Series ni ya inchi. Defender ni mchanganyiko: injini ya milimita, lakini nati za propela shafti ni za inchi, 9/16. Ya 15 inaingia pale ikiwa imelegea kidogo, halafu inateleza siku nati ikiwa na kutu.

Wa pwani wana mtihani wa ziada. Dar, Tanga au Mombasa, hewa ina chumvi, na alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imevimba kwenye ukingo wa mlango, ukikwangua unatoka unga mweupe. Lakini usidanganyike na bodi. Chasisi ni ya chuma, ni boksi lenye uwazi ndani, na inaoza kutoka ndani, ambako matope yamelala miaka. Chukua nyundo ndogo ugonge chini yake yote, hasa boriti ya nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu yake hadi maji yatoke safi, acha ikauke siku nzima juani, ndipo unyunyize dawa ya nta. Kupaka oili chafu ni desturi ya zamani na mimi siipendi: inalainisha bushi za mpira, na oili iliyotumika ina sumu inayoweza kuleta saratani ya ngozi. Vaa glavu hata unapoimwaga tu.

Spea za 300Tdi bado zipo nyingi, Kariakoo na Gerezani kwa Dar es Salaam, Grogan kwa Nairobi. Ubaya ni kwamba boksi la kijani lenye nembo halithibitishi kitu. Nenda na namba. Chujio la oili ni ERR3340, mkanda wa taimingi ni ERR1092. Ukitaja namba muuzaji anakuheshimu. Ukisema “nipe mkanda wa Land Rover” anakupa aliokuwa nao. Kwa beringi na sili soma jina la kiwanda lililochongwa kwenye chuma chenyewe, boksi liache.

Kuna kazi ambazo sizigusi. Pampu ya dizeli na nozeli huenda kwa mwenye mashine ya kupimia. Giaboksi ikianza kulia, inakwenda kwa anayezifungua kila wiki. Kuchomelea chasisi namwachia fundi, mradi betri na alteneta vimefunguliwa nyaya kwanza. Siku hiyo nakaa pale pale kwenye kibao, nanunua chai ya watu wote, na naomba kila kinachotolewa kiwekwe kwenye beseni moja. Wakati wa kufunga tunahesabu beseni pamoja na fundi. Kikibaki kitu ndani yake, gari haliwashwi.